Risala ya kikundi cha waliovunjika magoti kwa Mgeni Rasmi, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Manispaa ya Temeke,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ndugu wanachama na wageni waalikwa,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha Mbagala.

Mheshimiwa, sisi ni madereva wa bodaboda na abiria wetu tuliovunjika magoti barabarani. Wengi wetu ni muundi, yaani mfupa mkubwa wa chini ya goti, uliopasuka juu kabisa, pale unapobeba goti. Bampa ya gari ikigonga hapo, uso wa mfupa hudidimia na kugawanyika vipande. Hogo peke yake haliwezi kuvirudisha, na kukandwa kwa maji moto, ambako bado kunapendwa huku kwetu, kunazidisha madhara.

Ndugu za wagonjwa huja juu wodini wakiambiwa upasuaji usubiri, pengine wiki moja hadi mbili, mguu ukiwa umeshikwa na vyuma vya nje. Madaktari wana haki. Ngozi iliyovimba na kutoka malengelenge ikichanwa mapema, kidonda hakifungi na usaha hufika kwenye mfupa. Husubiri hadi uvimbe upungue na ngozi ianze tena kuonyesha mikunjo. Ndipo huinua palipodidimia, hujaza mfupa chini yake na kukaza kwa bamba na skrubu.

Lakini gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, lililopondwa siku ya ajali halirudi upya, hata mfupa ukiunga vizuri. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuatilia watu zaidi ya 8,000 waliopasuliwa kwa mvunjiko huu. Ndani ya miaka 10, asilimia 7.3 walikuwa wamewekewa goti bandia; kwa wasiovunjika ilikuwa asilimia 1.8. Wengi hawakufika huko, nasi tunalishikilia hilo. Ila hatari ya goti kusagika ipo, na huongezeka goti likiachwa limepinda au limelegea.

Mwenzetu mmoja aliruhusiwa na magongo bila kuonyeshwa zoezi hata moja. Goti likakakamaa. Leo hawezi kuchutama chooni, na pikipiki ameiuza. Jambo hili linatuuma sana.

Mheshimiwa, tunaomba mtaalamu wa mazoezi tiba afike kituo chetu cha afya walau siku moja kwa wiki, na kila anayeruhusiwa apewe tarehe za kurudi kuangaliwa goti, hata baada ya maumivu kuisha. Chumba cha mazoezi tutakisafisha na kukipaka rangi sisi wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi