Sisi na staa fundi wetu mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashukia vijana kwa kushobokea mastaa. Kawaita wavivu, kawaita kizazi kisicho na akili, akamalizia kwa kuwataka wazazi wawanyang'anye simu. Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, na katika wateja wangu wamo waimbaji na waigizaji ambao wakishuka kwenye gari tu, mtaa mzima unageuza shingo. Kwa hiyo jambo hili naliona nikiwa upande ambao pengine yeye hajawahi kusimama.

Kwanza hili la kusema ni ugonjwa wa vijana wa leo. Aprili 2012 alipofariki mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, umati uliojaa viwanja vya Leaders na kusukumana hadi makaburi ya Kinondoni haukuwa wa watoto wa shule peke yao. Walizimia watu wazima, kina mama wenye familia zao, na wengi hawakuwahi kumwona ana kwa ana hata mara moja. Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Zanzibar, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani yote. Bibi zetu walikuwa na staa wao. Sisi tumeongeza bando tu.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya watazamaji wa televisheni waliojiona marafiki wa watangazaji ambao wala hawakujua kama watazamaji hao wapo duniani. Mtangazaji anaitazama kamera kana kwamba yupo na mtu mmoja sebuleni, anatania, anauliza hali, na aliyekaa kwenye kochi anaitika. Hayo ni ya enzi za kusubiri saa ya kipindi. Leo staa anaingia laivu mswaki ukiwa bado mdomoni. Unajua mwanawe ana homa, unajua kagombana na mama mkwe, unajua jana kala nini. Jirani yako wa ukuta mmoja hujui hata jina lake. Hapo moyo utamhesabu nani kuwa ndugu?

Lakini hiyo ni nusu ya maelezo, na nusu ya pili ndiyo msomaji mwenzangu kairuka kabisa. Hapa kwetu kumjua mtu mkubwa si upuuzi. Kijana akisema anakwenda kuomba kazi mahali, nyumbani hawamuulizi kwanza kasomea nini, wanamuuliza, "Pale unamjua nani?" Kibali kikikwama, kitanda cha hospitali kikikosekana, gari likikamatwa, tunapekua simu kutafuta namba ya mtu anayemjua mtu. Mtoto anakua akimwona baba yake, na shahada yake ukutani, akizungushwa miezi, kisha mambo yananyooka asubuhi moja kwa sababu kapatikana shemeji wa bosi. Halafu tunashangaa mtoto huyo akikimbilia kupiga picha na mwimbaji. Anafanya tulichomfundisha, ila yeye hana shemeji, ana simu.

Kuna kijana anauza makava ya simu kituoni hapa jirani. Alikuja kushona suruali ya harusi ya kaka yake, akakuta koti jeupe lenye nakshi za dhahabu limening'inia likisubiri vifungo. Akauliza la nani, nikamwambia. Akasogea taratibu, akagusa ncha ya mkono wa koti kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kama pasi imeshapata moto. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, na futi uliyompimia ni hiyohiyo?" Nikamjibu ninayo moja tu. Hapo akajinyoosha, tumbo akalivuta ndani, nikampima. Siku chache baadaye nilipita kituoni nikamsikia akiwaambia wenzake, "Mimi na yeye fundi wetu mmoja." Hakuna aliyecheka. Mmoja alimsogezea kiti.

Suruali yenyewe ilikuwa ya kitambaa cha bei ya chini, na aliilipa yote, taslimu. La malipo nalitaja makusudi, maana yupo msanii, jina nalihifadhi, aliyechukua suti mbili za kurekodia video. Bei tulishapatana. Siku ya kuzichukua akanishika bega: "Fundi, nitakupost, watu watakujaa hapa." Na kweli alipost. Watu wakamiminika kwenye ukurasa wangu, wengi wakauliza bei na kupotea, wengine wakanitukana mimi kwa sababu wao ni timu ya hasimu wake. Mwenye fremu yangu mwisho wa mwezi hapokei post. Nisiwapake wote tope: yupo mwigizaji anayelipa kabla sijagusa mkasi, na akija hawasahau vijana wangu kwa chapati.

Swali ninaloulizwa kila siku ni, "Kwani wakoje hao watu?" Wakoje! Ninachokijua ni kiuno, kifua na urefu wa mguu. Najua nani bega lake moja limeshuka na anataka lijazwe sponji ili kwenye kamera yalingane. Najua nani anaapa hajanenepa huku futi inasema vingine. Kama ni mwema kwa wazazi wake, kama analala usingizi, kama ana rafiki wa kumwambia ukweli, sijui, na mimi ndiye ninayemshika mabega. Aliyemwona kwenye kioo cha simu anapata wapi uhakika?

Na uhakika huo ndio unaonitisha kuliko mapenzi yenyewe. Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35 na kuweka rekodi ya dunia, alifariki kwa ajali ya gari Februari 2024 akiwa na miaka 24, yeye na kocha wake. Mitandaoni wakaibuka watu wa kumhusisha mwanariadha mwenzake, Eliud Kipchoge, na kifo hicho, bila chembe ya ushahidi. Ni Kipchoge yuleyule aliyepigiwa makofi na dunia nzima Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42 pale Vienna chini ya saa mbili. Baadaye aliieleza BBC kwamba alihofia usalama wa familia yake, na kwamba watoto wake waliokuwa wakienda shule kwa baiskeli ikabidi wawe wanapelekwa na kufuatwa kwa gari. Waliomhukumu hawakuwahi kukaa naye meza moja. Walikuwa wamemtazama miaka kwenye simu, wakajiona wanamjua vya kutosha kumtia hatiani.

Na sisi watu wazima tusijitoe. Msimu wa uchaguzi naletewa vitenge vyenye sura ya mgombea, na niseme ukweli, kazi yake inanichosha kuliko suti. Sura isikatwe na mshono. Isiangukie kwapani. Isiangukie makalioni, Mungu apishe mbali. Mama mmoja, mtu na wajukuu zake, alinirudishia gauni kwa kuwa zipu ilikuwa imempita mheshimiwa katikati ya pua. Nikafumua mgongo mzima na kutafuta kitambaa kingine kwa gharama yangu. Harusini nako nimeona wenye mvi wakiruka foleni ya chakula ili wapate selfi na mbunge. Kijana mwenye picha ya mwimbaji kwenye kava la simu amewazidi nini hao? Uchawa wa kwenye siasa tumeupa jina la uzalendo, wa kwenye muziki tunauita ujinga.

Kupenda kwenyewe sikulaumu. Januari 2020 mwanasoka wetu Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa, kurasa za klabu ile zilijaa Kiswahili, watu ambao Birmingham hawajui iko upande gani wa Uingereza wakawa wanamshauri kocha. Alipofunga Wembley tarehe 1 Machi, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilibaki kidogo mabati yang'oke. Villa walilala 2-1 na sikumwona mtu aliyeondoka kanuna. Kijana wa Mbagala kafunga Wembley. Ukinikataza kufurahia hilo, nitafurahia nini?

Kwa hiyo simu za watoto ziachwe. Ombi langu nalielekeza kwako, Mhariri. Kurasa zenu za burudani zinatuambia nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani, nani anatafuta kiki. Wimbo ukipendwa, tuandikieni pia nani kautengeneza mdundo, nani kapiga gitaa, nani kaitikia nyuma, na walilipwa kwa mkataba au kwa ahadi. Mkipiga picha gari jipya la staa, waulizeni wacheza shoo wake mara ya mwisho walilipwa lini. Muulizeni na meneja anachukua asilimia ngapi. Kijana wa kituoni ana kichwa kizuri cha hesabu, kila siku namwona akirudisha chenji bila kikokotoo. Tatizo ni kwamba hajawahi kuletewa hesabu za muziki, analetewa picha tu. Na mwandishi wako akikosa pa kuanzia, aje hapa dukani saa za mchana kazi zikipungua. Daftari la madeni lipo. Majina nitayafunika kwa mkono, tarakimu nitamwachia asome.

Wako,
Fundi Cherehani,
Sinza, Dar es Salaam