Pedro usimwachie kwa bei ya 1930

Minneapolis, Jumapili usiku

Kaka,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Yaani kwenye ligi yenu ya Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa dadu na kadi ambapo kila kadi ni mchezaji wa msimu fulani, jamaa anataka umpe mrushaji Pedro Martínez wa 2000, yeye akupe wapigaji Bill Terry na Chuck Klein, wote wa 1930, na wewe unasema "naifikiria"? Usimjibu chochote mpaka umalize barua hii.

Kilichokuteka nakijua. Terry alipiga .401, yaani kati ya kila nafasi elfu za kupiga alifanikiwa 401. Klein .386, homurani 40 (mipira iliyopigwa ikavuka uzio), akaleta mikimbio 170, yaani pointi 170 za timu. Mtu akikutandikia namba kama hizo mezani, mate lazima yakudondoke. Tatizo ni kwamba mwaka ule National League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, kila mtu alikuwa anapiga. Ligi nzima, pamoja na warushaji ambao kupiga hata si kazi yao, ilifikisha wastani wa .303. Timu sita kati ya nane zilivuka .300. Hao Phillies, timu ya Klein, walipiga .315 na bado wakaburuza mkia, mechi 102 wakapoteza, kwa sababu warushaji wao nao walikuwa wanachapwa kila siku. Halafu kuna ule uwanja wao, Baker Bowl. Ukuta wa upande wa kulia ulikuwa futi 280 hivi kutoka kwa mpigaji, na Klein anapigia mkono wa kushoto, mipira yake inaelekea kulekule. Mrefu ulikuwa mrefu huo ukuta, sikatai, lakini kwa umbali ule mpira ambao kwingine ungedakwa kirahisi, pale unagonga ukuta na mtu anakimbia besi mbili.

Chukua kalamu ufanye hesabu moja tu ya kutoa. Terry .401, ligi yake .303, kawazidi wenzake kwa alama 98. Honus Wagner mwaka 1908 alipiga .354, ukimtazama haraka unaona ni mdogo kwa Terry. Lakini National League ya mwaka huo ilikuwa .239. Kawazidi kwa 115, tena huku akilinda kati ya besi ya pili na ya tatu, sehemu ambayo zamani timu nyingi zilikubali mtu asiyejua kupiga mradi mikono yake ni mizuri. Na ukitaka kucheka, mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza American League yote, ile ligi kuu ya pili, kwa .301. Wastani huo 1930 usingemfikisha hata kwenye wastani wa ligi.

Sasa njoo kwa huyo unayetaka kumwachia. Mwaka 2000 American League ilikuwa machinjio ya warushaji. Wastani wa mikimbio waliyoruhusu wenyewe (bila kuhesabu makosa ya wenzao), kwa kila iningi tisa, yaani mechi moja nzima, ulikuwa 4.91. Pedro aliruhusu 1.74, na nyumbani kwake ni Fenway Park, uwanja unaojulikana kwa kutowahurumia warushaji. Aliyemfuata kwenye orodha, Roger Clemens, alikuwa na 3.70. Hebu soma hiyo nafasi kati ya wa kwanza na wa pili tena. Wapigaji 284 aliwatoa kwa straiki, akawapa besi ya bure 32 tu msimu mzima.

Utaniambia mrushaji anacheza siku moja kati ya tano, Terry anacheza kila siku. Hoja hiyo kila mtu anayo, na kwa ligi yenu ya Strat-O-Matic haifiki mbali. Unajua dadu zinavyokwenda: ile ya kwanza ikitoa 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 unasoma kadi ya mrushaji. Kwa hiyo siku ya Pedro, nusu ya kila mtu anayesimama kupiga inaamuliwa na kadi yake. Msimu ule alikabili wapigaji zaidi ya 800. Terry, kwa mechi zake zote 154, alisimama kupiga kama mara 700. Kadi ya Pedro itasomwa mara nyingi kuliko ya Terry, na hapo sijagusa ubora wa kadi zenyewe.

Jingine ambalo jamaa yako analijua vizuri na anaomba Mungu wewe usilijue: ligi yenu ina timu nane. Timu nane zikigawana wachezaji wa zaidi ya miaka mia, wazuri wanabaki mpaka wanakosa pa kukaa. Orodha ya wasio na timu uliyonitumia, kwenye besi ya kwanza anakocheza Terry, bado wamo Johnny Mize na Hank Greenberg! Hao unawachukua bure. Basi Terry thamani yake kwako ni ile anayomzidi Mize, na sijui kama anamzidi. Klein naye akiingia, lazima mmoja wa wale watatu wako wa uwanja wa nje aende benchi. Wawili kwa mmoja inasikika kama faida, ila nafasi za kupiga ni tisa, haziongezeki. Kama ungekuwa kwenye ligi ya timu 24 ningekuimbia wimbo mwingine kabisa. Kule wa akiba ni hohehahe, mtu wa kawaida anayecheza kila siku ni mali, na nyota mmoja ukimgeuza kuwa wachezaji wawili imara unaweza kumaliza juu.

Kama unaona ni lazima ufanye biashara, basi mwombe Bob Gibson wa 1968, nimeona anaye. Aliruhusu 1.12 kwenye ligi iliyokuwa 2.99, kwa uwiano anakaribiana kabisa na Pedro, tena alirusha iningi 304 wakati Pedro alirusha 217. (Ndiyo mwaka ambao warushaji walitawala mpaka wakubwa wakashusha kile kichuguu wanachosimama kurusha mpira kutoka inchi 15 hadi 10.) Ila kwanza muulize msimamizi wa ligi kama programu ya kompyuta mnayochezea inawaacha warushaji warushe iningi zao halisi au imewawekea kikomo sawa. Kama ni halisi, chukua Gibson leo leo. Kama kuna kikomo, baki na Pedro.

Na huyo Gibson mwingine uliyeniuliza, Josh, mimi ningemchukua mapema sana. Mdakaji (yule anayekaa nyuma ya mpigaji) mwenye nguvu zile hapatikani mara mbili. Ligi kuu zilimfungia mlango maisha yake yote kwa rangi yake. Ligi za weusi zimekuja kutambuliwa kuwa ligi kuu 2020, na takwimu zikaunganishwa 2024, ndipo .372 yake ya maisha yote ikampita Ty Cobb, aliyekuwa akishikilia rekodi. Angalia tu msimu unaouchagua. Ile .466 ya 1943 inatoka kwenye mechi chache kuliko za National League, na programu ikiinyoosha mpaka mechi 154 wenzako watalalamika, na watakuwa na haki. Chagua kadi ya maisha yake yote kama wanaruhusu, hakuna atakayefungua mdomo.

Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Ijumaa, kwa hiyo nijulishe Jumatano ulichoamua. Na huyo jamaa mwambie akitaka Pedro, mazungumzo yanaanzia kwa Wagner.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo