Bado nasubiri mwaya

Shoga yangu,

Umzima? Shemeji na mtoto hawajambo? Najua umenipigia mara mbili sijapokea, nisamehe, sio kwamba nakukwepa, ila kila nikiona jina lako kwenye simu najua utauliza "vipi, wameshatoa?" na jibu sina. Ndo nikaona bora nikae nikuandikie yote.

Hawajatoa majina ya wanaoitwa kazini. Leo wiki ya sita tangu nitoke oral, ule usaili wa ana kwa ana wa kazi ya serikali ya maendeleo ya jamii, kule Dodoma.

Siku ile nlipanda basi stendi ya Msamvu hapa Morogoro alfajiri, bahasha ya vyeti orijino nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga, cha kuzaliwa, form four, form six, cha chuo, kitambulisho cha NIDA, kila tukisimama naingiza mkono nahesabu tena. Mle ndani wasaili walikuwa wanne, na mmoja mama wa makamo alikuwa anaandika tu hajaninyanyulia macho, mpaka zamu yake ilipofika akaniuliza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi. Moyoni nikasema asante Mungu. Nikamweleza asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba, alafu nikaachana na madesa nikamwambia vikundi ninavyovijua mimi huku Kihonda vinakwama kwenye makaratasi, wamama biashara wanayo kabisa lakini katiba ya kikundi hawajui inaandikwaje, mihtasari ya vikao hawana, wakirudishwa mara mbili wanakata tamaa wanaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Yule mama akaweka kalamu chini, akanitazama, akasema "endelea". Neno hilo moja ndo nimelishika mpaka leo.

Ila kusubiri kunachosha shoga yangu. Wiki ya tatu nlikuwa naamka saa nane usiku naingia kwenye akaunti yangu ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, natoka, naingia tena. Kuna usiku PDF la kuitwa kazini likatua kwenye group, bando limebaki kidogo, linafunguka taratibuuu, nikatafuta jina la ukoo wetu, likaja! Mikono ikalegea. Kuangalia vizuri ni mwanaume, kada ya udereva. Nikasoma na yale maneno kwamba wasioona majina yao wajue hawakupata nafasi na wasisite kuomba tena, nikalia kimya kimya nimeuma kanga mama asisikie. Asubuhi nalisoma tena jicho limekauka ndo naona kada yetu ya maendeleo ya jamii haimo kabisa, haijatajwa popote. Yani nlilia msiba ambao haupo.

Alafu unamkumbuka yule dada tuliyekuwa tunafua nae kule hosteli, mpole yule? Alifaulu oral nafasi zikajaa, wakamuweka kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, akakaa miezi nane, keshafungua na genge lake la mbogamboga, siku hiyo anaambiwa jina lake limetoka, tena kwa mwajiri mwingine kabisa ambaye hata hakumuomba. Kwahiyo hata likitoka la kwetu nisiwemo, bado sio mwisho.

Na uwe macho mwaya, na wadogo zako uwaambie. Kuna mkaka alinipigia, majina yangu anayajua yote matatu, anasema nipo kwenye listi ila nitume laki tatu ya kulisukuma. Mama aliposikia akataka kwenda kuchukua hela kwenye vikoba, nikamshika mkono. Nikamwambia mama, kama nipo nipo, na kama sipo hii hela haitaniweka. Nilivyokata simu nilitetemeka, ila usiku ule nililala usingizi wa kwanza wa maana.

Tangu hapo nimeacha kukaa na simu. Wamama saba wa mtaani kwetu wanaofuga kuku waliniomba niwasaidie makaratasi ya huo huo mkopo, tunakaa uani kwa mama jioni, mwenyekiti wao hajui kusoma sana lakini hesabu ya mayai anayo kichwani yote, trei ngapi zimetoka, nani anadaiwa, hakosei. Mimi naandika. Juzi nimewasomea katiba yao kifungu kwa kifungu, mmoja akasema rudia hapo penye jina letu, nikarudia, wakapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Shoga, hii ndo kazi niliyoiomba. Naitaka, kwa moyo wote naitaka, na nikiwa pale uani naamini itakuja.

Jumamosi tunapeleka faili ofisi ya kata. Wewe ukiliona hilo PDF kabla yangu usinitumie meseji, iwe hongera iwe pole, nipigie hata kama ni usiku wa manane nisikie sauti yako. Safari hii nitapokea.

Mwenzio uliyenibeba Mabibo