Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba hatudaiwi na mtu, na kwamba sehemu kubwa ya ada zenu imeliwa na petroli ya ndege.

Kilichotushughulisha mwaka huu ni lile azimio mlilolipitisha kwa vigelegele: chama kijitolee kulinda anga ya nchi dhidi ya droni kwa kutumia Tiger Moth yetu, ndege kuukuu ya mafunzo yenye mabawa ya ghorofa mbili. Kamati ndogo iliundwa, ikachapa kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona siku za kuosha ndege.

Hoja yao, kwamba ndege kuukuu ya polepole bado inaweza kupigana, ina mashiko kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1953, katika vita vya Korea, jeti ya Marekani aina ya F-94 iliifukuza usiku ndege ya adui aina ya Po-2, ya mbao na kitambaa, yenye mabawa ya ghorofa mbili. Rubani wa jeti alipunguza mwendo ili asiipite, akapunguza mno, jeti ikaporomoka. Na huko Ukraine, tangu mwaka 2024, ndege za mafunzo za Yak-52 zimekuwa zikizitungua droni, mtu wa kiti cha nyuma akilenga kwa bunduki ya mkononi. Yak-52 ina mabawa ya ghorofa moja tu. Kamati imeiandikia hilo kama dosari.

Sasa tuje kwetu. Droni ya Shahed, ile ya mashambulizi iliyobuniwa Iran, hukimbia takriban kilomita 180 kwa saa. Tiger Moth ikijikakamua sana hufika 175. Kamati inapendekeza adui "asubiriwe mbele". Mbele ya wapi, ripoti haisemi.

Kubwa zaidi ni mpiga risasi. Kwenye Tiger Moth rubani ndiye hukaa nyuma, abiria mbele. Huyo wa mbele ana propela usoni, nyaya na nguzo za mabawa kushoto na kulia, na juu ya kichwa chake tangi la petroli. Nimekaa hapo nikiwa na fimbo badala ya bunduki. Kila nilipolenga, nililenga mali ya chama.

Wazee watanikumbusha kuwa mwaka 1940 marubani wa Afrika Kusini walirusha ndege za kivita za Hawker Fury kutoka Kenya kupambana na Waitaliano, nazo zilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili vilevile. Ni kweli. Ila Fury ilipita kilomita 320 kwa saa na ilikuwa na bunduki mbili za rasharasha. Sisi tuna fimbo.

Zoezi la dharura lilifanyika pia. Ndege yetu haina stata. Propela huzungushwa kwa mkono. Haina breki; hushikiliwa na vigingi vya magurudumu. Injini ilipowaka, mzungushaji alikuwa hoi na aliyeshika vigingi alikuwa kwenye simu. Droni ingekuwa imeshamaliza shughuli zake.

Kwa hiyo barua ya kwenda wizarani bado iko kwa katibu, na naomba ibaki huko. Kamati ndogo inaendelea, kwa bajeti ya chai tu. Nafasi ya mpiga risasi iko wazi: waombaji wawe wepesi wa mwili, na wawe wamelipa ada.

Mwenyekiti