Niliuza picha, sikuuza haki ya kuichapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wachoraji wenzangu, na wanunuzi wa kazi zetu pia, kwa sababu kuna jambo tumelielewa vibaya pande zote mbili, na mimi limeniumiza.

Nachora picha za mtindo wa Tingatinga, zile za wanyama na ndege za rangi za kung'aa, hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 31. Mwaka 2019 nilichora kanga saba chini ya mbuyu, futi mbili kwa tatu. Rangi ya chini nilipaka ya machungwa inayofifia kuwa njano, nikaiacha ikauke usiku kucha, asubuhi nikaanza ndege. Anayeijua kazi hii anajua kanga wanavyochosha. Kila doa jeupe linawekwa moja moja kwa ncha ya brashi, na mkono ukitetemeka umeharibu bawa zima. Nikiwa kwa kanga wa tano, mwenzangu alipita nyuma yangu na brashi yake, tone la rangi nyekundu likadondokea kwenye picha yangu. Sikulifuta, maana rangi ya mafuta mbichi ukiifuta unaitandaza. Nikaliwekea miguu sita likawa mdudu, na yule kanga wa tano nikamchora shingo imegeuka, anamtazama.

Mfanyabiashara mmoja akainunua kwa shilingi 90,000. Tukapeana mikono, hapakuwa na risiti wala karatasi. Mwaka uliofuata binti yangu alirudi kutoka dukani na sinia. Kanga saba, mbuyu, na mdudu wangu mwekundu pale pale nilipomweka. Saini yangu, iliyokuwa kona ya chini kulia, imekatwa. Baadaye nikaona vikombe, kisha kalenda.

Nilimfuata yule mfanyabiashara. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, si nilikulipa?" Niliporudi bandani tunakochorea, wenzangu wakaniuliza, "Uliisajili? Kama hukuisajili, huna haki." Nilikaa na majibu hayo mawili muda mrefu nikiyaamini, mpaka nilipokutana na mwanasheria wa msaada wa kisheria. Yote mawili si kweli.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi tangu pale unapoikamilisha. Haisubiri fomu wala muhuri. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo nao hauweki usajili kuwa sharti la mtu kulindwa katika nchi wanachama. Kwa hiyo hata kama lile sinia lilichapwa ng'ambo, haki yangu haikufia bandarini.

Kuhusu "si nilikulipa", ni kweli alilipa, na picha ni yake. Aitundike sebuleni, ampe mkwewe, aiuze kwa bei mara kumi, sina neno. Lakini kuichapa kwenye masinia na kuyauza ni haki nyingine, na hiyo hutolewa kwa maandishi yenye saini. Kutajwa jina kwa kazi yako nako ni haki inayosimama peke yake. Niseme ukweli, saini kukatwa kuliniuma kuliko fedha.

Sasa usajili una kazi gani? Kazi yake ni ushahidi. Mwanasheria aliniuliza maswali matatu: uliichora lini, nani alikuona, picha ya simu uliyoipiga kabla ya kuiuza iko wapi? Nilikuwa na mdudu tu. Akaniambia mdudu anatosha kwako na kwangu, lakini yule mfanyabiashara atasema ndiye aliyekuagiza umchore. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, chenye tarehe na nakala ya kazi kingelifunga swali hilo. Sikuwa nacho, na sikupata kitu.

Wenzangu wengine huniambia, "Sisi wenyewe tunanakiliana, unalalamika nini?" Hoja hii naiheshimu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo huu, alifariki 1972, na ni ndugu na wanafunzi wake waliouchukua mtindo wakaufikisha kwetu. Mtindo haumilikiwi, na sheria hailindi wazo. Twiga wa shingo ndefu, madoa, rangi za kung'aa, ni vyetu sote, nami sikumwomba mtu ruhusa nilipoanza. Hata picha zake mwenyewe ulinzi wake umekwisha, kwa kuwa hapa kwetu hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hiyo ilitimia mwisho wa 2022. Lakini kuchora kanga ni kitu kimoja, na kuchukua kanga wangu hawa saba walivyopangwa, na mdudu wao, ni kitu kingine. Na mimi nimekosa pia. Mgeni akionyesha picha ya jirani akasema anataka kama ile ila ya bluu, nilimchorea bila kumuuliza jirani. Siku hizi naanza kwa mwenye picha.

Ofisi nazo tusizichanganye. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, inamsajili msanii, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inasajili jina la biashara na alama yake, na kazi yenyewe inasajiliwa COSOTA. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na ofisi yao, COSOZA. Nimekutana na vijana wanaodhani kitambulisho cha usanii kinalinda picha zao.

Mimi sasa kila picha naipiga kwa simu mbele na nyuma kabla haijatoka, na zile kubwa nazisajili. Si zote. Anayechora vipicha vidogo vinne kwa siku hawezi, na hili ndilo ombi langu kwa COSOTA: njooni bandani, Oysterbay, na kwa wachongaji wa Mwenge, mtusajilie kazi kwa mafungu tukiwa tumekaa na brashi mkononi. Kumwacha mtu apoteze siku nzima ya kuuza ili ashughulikie picha ya shilingi 15,000 ni kumwambia asisajili.

Kwenye risiti zangu nimeandika kwa kalamu: "Imeuzwa picha hii moja. Haki ya kuichapa imebaki kwa mchoraji." Wanunuzi wengi huisoma, huitikia kwa kichwa, wanalipa. Mwaka jana mmoja aliuliza bei ya kuchapa kadi, tukaandikiana, akanilipa zaidi ya bei ya picha yenyewe. Na mwenye kutaka kanga wangu kwenye sinia aje vivyo hivyo, tuzungumze, na jina langu alibakishe kona ya chini kulia.

Mchoraji,
Msasani, Dar es Salaam
Jina kamili analo mhariri