Nyasi za Kondele

Khayega, Kakamega
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Filamu yako uliyoichora kwa kompyuta, ile ya mashine mbili kubwa zinazopigana Kisumu, ilifika. Simu yangu ilikataa kuifungua, ikabidi nipande kule juu kwa jirani yetu mwalimu, mwenye intaneti ya nyumbani. Niliitazama mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni kwake mpaka chai aliyonipa ikapoa. Usiku nikamwonyesha baba yako, na Jumatano nilipoteremka Kisumu nikamwonyesha senje yako, shangazi yako, palepale kibandani kwake Kondele, katikati ya wateja. Alichosema nitakwambia, ila nina mengine ya kutanguliza.

Kwanza hongera, tena naitoa kwa mikono miwili. Ile mashine inapoinuka kutoka ziwani upande wa Dunga, maji yakiporomoka mabegani na magugu maji yakining'inia shingoni kama kanga iliyolowa, nilisahau kupumua. Lile jua la saa kumi na mbili jioni nalijua. Hukulitoa kwenye kompyuta, ulilitoa kwenye miaka minne uliyokaa kwa senje ukisoma sekondari. Uliniambia kompyuta ilikesha siku 3 ikichakata sekunde 10 za hapo. Zilistahili.

Kisha mashine ya pili inatua, na kuanzia hapo hadi mwisho ni dakika 3 za kupigana. Daraja la Kondele linakatika. Matatu zinarushwa kama maganda ya njugu. Moto, vumbi, vyuma, moto tena. Na mimi niliyesahau kupumua nikajikuta naangalia zimebaki dakika ngapi.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta mara mbili. Nimeiacha kwa sababu umeichagua kazi hii iwe maisha yako, na walimu wako watakufundisha mengi nisiyoyajua, lakini liko moja ninalolijua mimi. Nimewaona watu wakitazama.

Wewe unakikumbuka kibanda chetu cha vidio kikiwa kimezeeka, siku za dividii. Hukukiona mwaka wa 1995. Kazi ya baba yako ilikuwa kanda na petroli ya jenereta. Yangu ilikuwa kiingilio, shilingi 5 mkubwa, shilingi 2 mtoto, nikikaa kwenye kigoda mlangoni. Na mlango wetu ulikuwa mbele, ubavuni mwa televisheni, kwa kuwa nyuma tulipakana na kinu cha kusaga unga. Basi muda wote watu wakitazama filamu, mimi nilikuwa nawatazama wao: nyuso hamsini, sitini, zikimulikwa na kioo kile kidogo. Filamu nyingi za miaka ile sikuziona. Nilizisoma usoni mwa watu.

Ile ya Arnold na kijana wa pikipiki, Terminator 2, ambayo James Cameron aliitoa mwaka wa 1991, tuliionyesha mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Yule muuaji wa chuma cha majimaji alipojipenyeza katikati ya nondo, watu wazima walishika vichwa. Ni wewe uliyeniambia baadaye kwamba katika filamu hiyo ya zaidi ya saa mbili, picha zilizotengenezwa kwa kompyuta ni za dakika chache tu. Lakini kelele zile si ninachokumbuka. Nakumbuka mwisho, Arnold akishushwa ndani ya chuma kilichoyeyuka na kijana akilia. Kibanda kilinyamaza mpaka nikaanza kusikia jenereta nje, ambayo masikio yangu yalikuwa yameshaizoea hata siisikii. Mbeba mizigo mmoja wa hapa stendi, mtu mzito ambaye sikuwahi kumwona akimchangamkia yeyote, alivua kofia akajifuta nayo macho. Nililala nikiwaza: mtu mzima analilia mashine? Ndiyo, aliililia. Kwa muda wote ule alikuwa amemwona mtoto asiye na baba akiifundisha ile mashine kutoua watu, akiifundisha kutabasamu, kuongea kama vijana wa mtaani. Mtoto alikuwa amepata baba, na sasa anampoteza.

Halafu ikaja miaka ya magari yanayogeuka roboti. Wewe ulikuwa mdogo, ukikaa mbele kabisa hadi shingo inauma. Transformers ya pili ilipotufikia, ile ya 2009, tulijaza mpaka wengine wakakalia madebe. Nusu saa ya kwanza nyuso zote ziling'aa. Baadaye roboti moja kubwa inaipanda piramidi ya Giza na kuanza kuing'oa kileleni, piramidi ya Misri, kazi ya mikono ya Waafrika wa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, na nikawatazama watu wangu: mmoja anapiga miayo, mwingine anachambua njugu, wawili wanaongea habari za bei ya miwa. Nilishangaa sana. Piramidi inabomolewa na hakuna aliyestuka!

Nikaanza kuangalia jambo lingine. Wakati wa ile ya Arnold, mtu akitoka kwenda haja alirudi mbio, akainama kwa jirani yake na kunong'ona, "Imefika wapi?" Wakati wa hii ya roboti walitoka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi wakaketi. Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali ninalolisubiri mbele ya filamu yoyote: mtu akitoka, je, akirudi ataulizia?

Nimesoma baadaye kwamba waandishi wa filamu wa Hollywood walikuwa wamegoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, wakati filamu ile ikitayarishwa, na mwongozaji wake, Michael Bay, amekiri mwenyewe kwamba mgomo ule uliiumiza. Hata hivyo iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Najua utanijibu kwa hesabu hiyo, na sikukatalii. Ile ya nne, ya 2014, inakaribia saa tatu, na iliuza zaidi China kuliko Marekani kwao. Mlipuko hauhitaji mkalimani, mtu wa Beijing na wa Khayega wanauelewa sawasawa, na wenye fedha zao wanalijua hilo.

Lakini hebu kumbuka ni nini kilichotujazia kibanda miaka yetu ya mwisho. Ni DJ Afro. Watu walioiona filamu kwa Kiingereza walilipa tena kuitazama akiisimulia kwa Kiswahili chake. Hakuongeza mlipuko hata mmoja, mwanangu. Aliongeza sauti ya mtu anayekwambia huyu ni nani, katoka wapi, na ana kisa gani na yule. Kile ambacho waliotengeneza filamu waliona hakina haja, watu wetu walikitolea pesa mfukoni.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Malinya kutazama fahali. Tulitoka kukiwa bado na umande, tukawafuata vijana wa isukuti, hiyo ngoma yetu ambayo mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Pambano tulilolifuata halikufika dakika 5. Pembe kwa pembe, vumbi, wakasukumana, mmoja akageuka na kukimbia. Mgeni angesema ni ng'ombe wawili tu. Sisi tulijua kwamba yule mweusi alishindwa mwaka jana mbele ya wajukuu wa mzee mwenye fahali huyo, kwamba mzee aliuza miti yake ya mikaratusi ili amlishe vizuri, kwamba mama wa nyumba hiyo hakutaka fahali arudishwe uwanjani na walikuwa hawajasemezana wiki nzima. Fahali alipogeuka, sikumtazama yeye. Nilimtazama mzee. Kila mtu pale alimtazama mzee.

Hapo ndipo nilipoielewa filamu yako. Tangu nikiwa msichana nasikia kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na siku zote nilidhani ni maneno ya wakati wa kampeni. Wewe umechora fahali, umewachora vizuri kuliko wote niliowahi kuona, lakini kamera yako imekaa usawa wa vichwa vyao tangu mwanzo hadi mwisho. Haijainama hata mara moja.

Kuinama hakugharimu sana. Ile ya dinosaria ya 1993, Jurassic Park ya Steven Spielberg, ina zaidi ya saa mbili na wanyama wenyewe wanaonekana kwa takriban dakika 15. Mimi kilichonitia hofu ni kikombe cha maji ndani ya gari, yale maji yanapoanza kutetemeka na mnyama bado hajatokea. Ulinieleza kwa furaha kubwa, ukiwa likizoni, kwamba walifanya hivyo kwa uzi wa gitaa uliofungwa chini, mtu akiupiga. Uzi mmoja! Ulikuwa umeelewa kabisa siku ile. Sijui ulipofika chuoni ukaelewa vingine.

Na mwaka uleule wa piramidi, 2009, Wanuri Kahiu wetu alitoa Pumzi, ambayo haifiki nusu saa. Dunia imekauka baada ya vita vya kugombea maji, watu wanachuja jasho na mkojo wao ili wanywe, wanazalisha umeme kwa nguvu za misuli yao. Mwanamke mmoja anatoroka na mche, anaupanda jangwani, anaupa maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anaukinga na jua kwa mwili wake. Ile ni filamu ya mambo yajayo kama zako. Tone la jasho limepigwa picha kwa uangalifu kama wengine wanavyopiga picha ya mji unaoungua. Tuliitazama pamoja Krismasi ile ya ukame, nawe ukaniona nimetoka nje usiku kwenda kugonga tangi nisikie maji yamebaki kiasi gani. Hukuniuliza, nami sikusema.

Sasa senje. Aliitazama huku mkono mmoja umeshika gorogoro, lile kopo lake la kupimia omena, dagaa wa ziwani. Kwenye dakika ya pili na sekunde 20, mguu wa mashine unakanyaga vibanda vya kando ya barabara, na kimoja kina nailoni ya buluu na beseni. Alikitambua kabla yangu. Najua ulikiweka pale kwa mapenzi, ulitaka ajione. Akaniambia nirudishe nyuma. Akatazama tena.

"Na mwenye kibanda alikuwa wapi?"

Nikamwambia pengine alikimbia.

"Nikimbie niache beseni? Na pesa ya chama nimeshika mimi?" Akampimia mteja, akafunga mfuko, akanirudishia simu. Hakuongeza neno, wala hakukasirika. Lakini nilikaa naye hadi jioni, na mara mbili nilimwona akiinua macho kulitazama lile daraja.

Mwanangu, ndani ya sekunde ile moja kuna filamu nzima. Mwanamke ana beseni, ana pesa za wenzake, na mtoto wa jirani amelala chini ya meza kama wewe ulivyokuwa ukilala hapo ukitoka shule. Hawezi kubeba vyote. Mashine hatuzioni bado, tunaona tu omena zikianza kurukaruka ndani ya beseni. Anza hapo. Mashine zako usizitupe, siku 3 za kompyuta si mchezo, na ile inayotoka ziwani naomba usiiguse kabisa. Waache wapigane. Ila nataka nione kivuli chao kikipita usoni mwa senje, na nijue atachukua nini.

Baba yako anasema ukija Desemba uje na laptopu, atazitoa zile benchi za zamani ghalani tuwaite watu wa hapa kitongojini. Mimi nitakaa mahali pangu pa zamani, mbele, ubavuni.

Senje amekubali umpige picha za kuchorea, mradi isiwe siku ya kulipa chama. Kile kiti chake chekundu cha plastiki kimevunjika mguu wa nyuma, ameufunga kwa waya. Kichore na waya wake.

Mama yako