Hedi ya aluminiamu inasingiziwa

Mhariri,

Hapa Mbale, teksi ikichemka ikipandisha abiria Kapchorwa, lawama ni moja: "Wamemfungia sufuria juu ya injini!" Sufuria hiyo ni hedi ya aluminiamu, yaani kile kipande kinachofunika silinda juu ya injini. Kesho yake dereva yuko gerejini kwangu anataka hedi ya chuma, ati ndiyo yenye nguvu.

Jina wamelipatia. Sufuria hushika moto upesi na kupoa upesi, na faida iko hapo. Aluminiamu hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma, na uzito wake ni kama theluthi tu. Ndiyo maana injini ya petroli yenye hedi hiyo huweza kubana hewa na mafuta zaidi kabla haijaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Nguvu hutoka kwenye mbano huo. Ukiacha mbano uleule wa zamani, usitarajie maajabu. Chuma kinaweza hata kuishinda kidogo, kwa kuwa hakipotezi joto haraka. Malori makubwa ya dizeli yanayotoka Malaba bado hutumia chuma, kwani shinikizo ndani ya silinda zake ni kubwa mno.

Udhaifu wa aluminiamu siukatai. Hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ikipata moto kupita kiasi juu ya bloku (mwili wa injini) ya chuma, hupinda na gasketi inayoziba katikati yao huungua. Lakini nani aliichemsha? Dereva hujaza maji ya mtoni badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), nayo maji hayo huila aluminiamu polepole. Mafundi wenzangu (wasinichukie) hung'oa thamostati, kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, wakaitupa. Na kile kifuniko cha rejeta, ndicho kinachoshika shinikizo la maji, hakuna anayekitazama, na mpira wake umekwisha. Ukifika mita 1,800 mlimani, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini nyingi hufanya kazi karibu na 90. Kifuniko kikivuja, hata hedi ya chuma haikuokoi.

Anayekwenda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kununua hedi kuukuu abebe rula ya chuma iliyonyooka na fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Fila ya milimita 0.1 ikipita chini ya rula, hedi hiyo imepinda; iende mashine ikasawazishwe kwanza. Muuzaji akikataa isipimwe, nenda kibanda cha pili.

Fundi wa injini,
Mbale